Taa za Ghorofani: Shajara ya Nyumba ya Mtaa wa Usambara, Tanga

Januari, wiki ya tatu

Mpangaji wa mwisho wa fremu ya pembeni amehamisha mizigo yake jana, na leo tangu saa nne asubuhi nyumba nzima ni tupu, chini na juu. Babu aliinunua kwa fedha ya duka la baiskeli. Chini kuna fremu nne za maduka zinazotazama barabara, juu vyumba sita na roshani ya mbao, nyuma ua wenye kisima kilichofukiwa. Fremu zimekuwa zikipangishwa miaka yote. Juu hajalala mtu kwa miaka kumi na minane.

Naandika shajara hii kwa sababu sisi warithi tuko tisa na tumetawanyika: wengine Dar es Salaam, mmoja Mwanza, shangazi yuko Pangani. Kila mmoja ametoa alichonacho, na kila mmoja ana haki ya kujua shilingi yake imekwenda wapi. Nitaandika tulichofanya na pale tulipokosea.

Jioni sikuondoka. Ilipofika saa mbili usiku nikasimama barabarani nikahesabu. Kutoka kona hadi kona kuna nyumba kumi na nne za ghorofa. Za juu zenye taa zilikuwa mbili. Chini milango yote imeshushwa, barabara nzima mlinzi mmoja na jiko lake la mkaa. Na hapo ndipo katikati ya jiji, saa mbili tu. Ngamiani wakati huo watu ndio kwanza wanatoka kununua chapati.

Januari, wiki ya nne

Shangazi kapiga simu. "Mwanangu, mji ule umekufa. Fedha zenu mnakwenda kuzizika." Nilimwitikia kwa heshima, lakini maneno yake yamenikosesha usingizi, kwa kuwa ndiyo yanayosemwa na kila mtu.

Tanga haijafa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika jiji hili. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya 390,000. Watu wapo na wanaongezeka, ila wamehamia pembeni. Mwenye akiba ananunua kiwanja Pongwe au Kange, anapandisha tofali kidogo kidogo, anafungua kiduka barazani kwake. Mabasi ya mikoani nayo yakapelekwa stendi ya Kange, na abiria aliyekuwa akishuka mjini akanunua maji, mkate na kandambili sasa anashuka huko. Siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Lakini mji wa kati ukabaki wa ofisi na maduka ya mchana. Ikifika saa kumi na moja jioni kila mmoja anatafuta daladala au bajaji, na nyumba za mawe zinabaki na popo.

Ya nyuma zaidi ni mazito. Mji huu umejengwa na reli na katani. Mwaka 1893 reli ilianza kujengwa kutoka hapa kuelekea Usambara, na mwaka huohuo Mjerumani Richard Hindorf akaleta miche ya katani. Katika miche kama elfu moja iliyosafirishwa ilisalimika 62, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote tunayoyaona kutoka Muheza hadi Korogwe. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na karani wa shamba aliyekuwa akija kwa babu mwisho wa mwezi kununua baiskeli hakuja tena.

Kisha Aprili 1971 ikapita Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Nyumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ikawa ya serikali. Katika mitaa hii wengi waliokuwa wakiishi juu ya maduka yao walikuwa Waasia, na baada ya hapo wengi waliondoka, wakaenda Uingereza na Kanada. Nyumba ya babu ilipona kwa kuwa thamani yake haikufika kiwango. Nimekua nikiwasikia wazee wakibishana juu ya sheria ile, kila upande na machungu yake, nami sikuanza kuandika ili nihukumu. Ninachoona kwa macho ni kwamba desturi ya kuuza chini na kulala juu ilikatika hapa, na mtaa ukaanza kulala pamoja na maduka.

Ndiyo maana mradi huu kwangu unaanza juu. Fremu zitapata mtu tu. Kazi ni kuwarudisha watu ghorofani.

Februari, wiki ya pili

Tumegundua kwa nini juu hapana mtu, na sababu ni nyepesi hata naona uchungu.

Ngazi ya kwenda juu iko nyuma ya fremu ya tatu. Zamani duka na ghorofa vilikuwa vya familia moja, kwa hiyo babu alipita dukani mwake akapanda. Alipoanza kupangisha fremu, ngazi ikaangukia ndani ya duka la mtu mwingine. Mpangaji akiweka maboksi kwenye vidato, akifunga duka saa kumi na moja na kuondoka na ufunguo, wa juu atapita wapi? Wa mwisho kuishi juu alihama kwa sababu hiyo, shangazi amekumbuka leo nilipomuuliza.

Nimetembea mtaani na fundi, tumeomba kwa adabu kuingia nyumba tano nyingine. Tatu ni hivyohivyo: ngazi imemezwa na duka. Moja ngazi yake imebomolewa kabisa ili fremu iongezeke upana.

Basi tumekubaliana kuikata fremu ya tatu. Tunachukua futi nne za upande wa kushoto, tunajenga ukuta, tunapata korido kutoka barabarani moja kwa moja hadi kwenye ngazi, na mlango wake wenyewe wenye kitasa na kengele. Fremu ile ilikuwa ikilipa shilingi 180,000 kwa mwezi. Kwa upana uliobaki tutapata 130,000. Tunapoteza 50,000. Juu, vyumba sita tunavigawa nyumba tatu, kila moja vyumba viwili, jiko na bafu, na kila moja tunatarajia 200,000. Binamu wa Mwanza, ambaye kazi yake ni mahesabu, aliangalia hesabu hii akajibu neno moja: "Kateni."

Februari, wiki ya nne

Siku tatu za mahakama. Bila msimamizi wa mirathi hakuna mkataba wa maana unaoweza kusainiwa, na hati ya nyumba bado ina jina la babu. Mjomba ameteuliwa, sote tumeridhia. Nyumba ya pili kutoka kwetu paa lake limeanguka ndani kwa kukosa jambo hili tu: warithi wengi, msimamizi hakuna, na hata bati moja haliwezi kubadilishwa bila mtu kuuliza kwa idhini ya nani.

Mjomba anataka baadaye tutumie ile sheria ya 2008 inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Ni wazo zuri kwa wajukuu. Kwa sasa tuna ukuta unaomwaga chumvi.

Machi, wiki ya pili

Chumvi. Ukuta wa chumba cha mbele juu unatoa unga mweupe kama wa muhogo. Ukipitisha kiganja unabaki nao. Wakati fulani mtu aliipiga nyumba hii lipu ya saruji, ndani na nje, akidhani anaiimarisha. Kuta hizi ni za mawe na chokaa. Zinavuta unyevu kutoka ardhini na hewa ya bahari, na zamani ziliutoa taratibu kupitia chokaa. Saruji imeziba. Maji yakabaki ndani na chumvi yake, yakatafuta pa kutokea, na popote yalipotokea lipu imebanduka vipande vipande. Fundi mzee tuliyempata Makorora aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena pembeni. "Huyu anapumua kwa shida," akasema. Tukaanza kubandua siku hiyohiyo.

Chokaa imeletwa kwa fuso kutoka upande wa Amboni, mawe meupe yaliyochomwa ambayo bado hayajaonja maji. Tumechimba shimo uani, futi sita kwa nne, tukalitandika matofali. Fundi akawapanga vijana upande upepo unakotoka, akawavalisha miwani, akahakikisha kuna ndoo mbili za maji safi pembeni, maana chokaa ikiingia jichoni haina msamaha. Maji kwanza, kisha mawe, koleo kwa koleo. Kwa muda hayakufanya kitu. Halafu yakaanza kulia, kama mafuta ya bajia, shimo likafura, likatoka mvuke mzito, na nilipoinama karibu joto likanisukuma uso. Mawe yakapasuka yenyewe yakawa uji. Baada ya saa moja ulikuwa umetulia, mweupe, laini kama mtindi. Tumeufunika kwa maji juu na mabati, na fundi hataki mtu auguse kwa wiki sita.

"Wiki sita, mzee?" nikamuuliza.

"Mwanangu, zamani mtu akijenga, shimo la chokaa analichimba mwaka wa kabla."

Mchanga tumechukua wa mto. Wa pwani uko karibu na ni rahisi kuupata, lakini una chumvi, na tutakuwa tumeurudisha ugonjwa tuliotoka kuutibu.

Aprili, wiki ya tatu

Masika imekaza, mafundi wamesimama, na familia imepata nafasi ya kugombana.

Binamu mmoja wa Dar es Salaam ameleta pendekezo, na lina nguvu, kwa hiyo naliandika kama alivyolisema. Bandari ya Tanga imechimbwa hadi kina cha mita 13, meli kubwa sasa zinafunga gatini badala ya kupakuliwa kwa matishari huko nje. Bomba la mafuta lenye kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, pua na mdomo na sisi. Wageni wanaingia kila siku na wanatafuta pa kulala. Kwa nini tupangishe nyumba tatu kwa 600,000 kwa mwezi? Tufanye gesti, vyumba sita, 25,000 kwa usiku. Hata vikijaa nusu tu ni zaidi ya milioni mbili.

Hesabu yake haina kasoro. Hata tukitoa mishahara, shuka, umeme na leseni, gesti inashinda.

Nilimjibu hivi. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, "waja leo waondoka leo", na tunausema kwa majivuno ya ukarimu. Lakini mtaa hauwezi kuendeshwa na waja leo peke yao. Mgeni wa gesti anakula anakokula, anarudi saa tano na bodaboda, asubuhi hayupo. Hatanunua nusu kilo ya mchele, nyuzi, wala kidonge cha mtoto cha usiku. Taa ya barabarani ikizimika hataenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mafundi wa bomba wakimaliza wataondoka, na gesti zote zilizofunguliwa kwa ajili yao zitabaki zikitazamana. Anayeishi juu ndiye anayelilisha duka la chini, na duka likiwa na mteja wa usiku litakesha, na likikesha mpita njia haogopi kupita.

Tulipiga kura kwa simu. Nne kwa nne. Ya tisa ilikuwa ya shangazi, yuleyule aliyesema mji umekufa, na nilijua tumeshindwa.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Mimi nimezaliwa juu ya duka lile. Mama alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, mwenye genge anatia nyanya, kikapu kinapanda. Usiku tunalala tunasikia watu wa chini wanacheza bao. Mimi sijui gesti. Wekeni watu."

Tano kwa nne. Tumekubaliana pia, na ni haki yao wale wanne, kwamba baada ya miaka miwili tutafungua hesabu mezani na kuliangalia jambo upya.

Juni, wiki ya kwanza

Tumekosea, na ni mimi niliyesukuma.

Mvua zilipokatika nilikuwa na haraka. Fundi mzee alikuwa na msiba Muheza, nikawaambia vijana waanze kuupiga chokaa ukuta wa nje wa mashariki. Walipiga vizuri, kwa mkono ulionyooka. Lakini kusi ilikuwa imeanza, upepo unaopuliza kutwa, na hakuna aliyeulowesha ukuta kabla wala kuufunika baada. Siku ya tatu ukajaa mipasuko kama matope ya dimbwi lililokauka. Tumebandua wote. Malipo ya vibarua wa siku tano na chokaa ya kazi hiyo vimepotea, 640,000, nimeiandika kwenye daftari kwa jina langu.

Fundi aliporudi hakunigombeza. Alimtuma kijana kutafuta magunia ya katani, na singa za katani kilo kadhaa. Singa tukazikatakata urefu wa kidole tukazichanganya kwenye chokaa, chokaa moja kwa mchanga tatu, ili zishike lipu isipasuke. Ukuta ukaloweshwa jioni na tena alfajiri. Tabaka la kwanza, ngoja. La pili, ngoja. La mwisho jembamba, likasuguliwa kwa mwiko wa mbao. Na kila baada ya kazi magunia yaliyoloweshwa yananing'inizwa kutoka roshani mpaka chini kama mapazia, yananyunyiziwa maji mara tatu kwa siku kwa siku saba. Chokaa haigandi kama saruji. Inakomaa kwa kuvuta hewa, polepole.

Watu walikuwa wanasimama barabarani kuangalia nyumba iliyovaa magunia. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi shamba la katani aliyashika magunia, akayanusa. Akatuambia hajainusa harufu ile mjini tangu ujana wake.

Julai

Maji, choo, umeme. Tangi la lita 2,000 juu ya banda la uani kwa kuwa presha haipandi ghorofani mchana. Shimo jipya la maji taka. LUKU tatu juu, moja kwa kila nyumba, na nne chini: ugomvi wa mita moja tumeuona wa kutosha. Ofisi moja iliyokuwa na karatasi zetu ilizipoteza, tukapeleka nakala upya, wiki tatu zikaenda. Mbao za sakafu zilizooza zimebadilishwa, za mvule zilizokuwa nzima tumeziacha.

Hadi leo zimetumika shilingi milioni 38. Tulikadiria 30.

Agosti, wiki ya tatu

Fremu. Madalali wamekuja na majina na wote wanataka jambo moja: vifaa vya simu, kodi ya mwaka mzima taslimu, na kilemba, ile fedha ya kupewa ufunguo, juu yake. Inashawishi mtu aliyevuka bajeti kwa milioni nane. Lakini katika mtaa huu maduka ya vifaa vya simu tayari ni tisa, na yote yanafunga magharibi.

Fremu ya kwanza, ya kona, tumempa mama anayepika chai na vitafunwa. Mkataba unasema afungue saa kumi na mbili asubuhi na asifunge kabla ya saa nne usiku, na kwa sharti hilo tumempunguzia kodi kwa 40,000. Ya pili ni ya fundi baiskeli. Nakiri hapa moyo uliamua kabla ya kalamu, lakini Tanga bado ni mji wa baiskeli, na siku ya tatu tayari alikuwa na kumi na moja zimepinduliwa magurudumu juu barazani. Ya tatu, ile tuliyoikata, ni ya mshonaji. Upana uliobaki unamtosha kwa vyerehani viwili na meza. Ya nne bado. Natafuta duka la vyakula vya nyumbani, mchele, unga, sabuni, mafuta ya kupimiwa. Wenye mitaji wananiuliza wateja wako wapi usiku, nami nawaonyesha ngazi.

Septemba, wiki ya nne

Wamehamia. Nyumba ya mbele amechukua muuguzi wa hospitali ya Bombo na mama yake mzazi. Anakwenda kazini kwa miguu. Ya kati ni mwalimu na mkewe na watoto wawili. Ya nyuma ni kijana wa bandarini aliyeoa mwezi uliopita. Hatukudai kodi ya miezi sita, tumepokea ya mitatu mitatu, kwa kuwa mfanyakazi wa mshahara akiambiwa milioni na laki mbili kwa mkupuo anarudi Pongwe.

Usiku wa Ijumaa nilikwenda kuhesabu taa. Nilitarajia tano, zilikuwa nne: muuguzi alikuwa zamu ya usiku na mama yake hulala mapema. Mama wa chai alikuwa bado wazi saa tatu na robo, mwalimu amekaa kwenye benchi anasahihisha madaftari kwa taa ya fremu, mtoto wake mdogo ameegemea baiskeli. Mlinzi amelihamishia jiko lake kwetu.

Mama wa chai ameomba jambo ambalo sikuliwaza. Anataka kuanza kufungua saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu muuguzi anarudi muda huo na wenzake wawili wanaopita njia hiyo wameanza kumfuata kwa ajili ya uji.

Oktoba, wiki ya pili

Ukuta wa ndani wa korido umeota doa la unyevu, kiasi cha sahani, mahali ukuta mpya wa tofali unapogusana na ule wa mawe. Fundi anasema tuliacha saruji kwenye kiungo. Tutabandua. Fremu ya nne bado tupu, mwezi wa pili.

Leo mchana alikuja binti wa nyumba ile iliyoanguka paa. Amekuja na futi yake ya chuma. Familia yao imepata msimamizi wa mirathi wiki iliyopita. Aliomba kuiona korido, akapima upana, akapima mlango, akapanda ngazi akihesabu vidato kwa sauti, akaandika kwenye kiganja. Akauliza shimo la chokaa tumelifukia? Nikamwambia hapana, bado lina theluthi, limekaa miezi saba, na fundi anasema sasa ndiyo limeiva. Jumatatu saa mbili asubuhi anakuja na ndoo na vijana wanne, na fundi mzee ameshakubali kwenda kugonga kuta zao.